Viatu Vyako Haviko Chini ya Kitanda

Mwanangu,

Kesho asubuhi utainama kutafuta viatu vyako vya jeshi chini ya kitanda na hutavikuta. Mahali pake utakuta mabuti ya mpira, na barua hii imekunjwa ndani ya buti la kushoto. Usiniite kwa hasira. Sijaviuza, wala sijavitupa ziwani. Keti kwanza usome, halafu ufanye unavyotaka, kwa kuwa wewe ni mtu mzima uliyeona mengi na mimi ndiyo kwanza nimetoka shuleni.

Najua utatabasamu kwa kuona nimekuita mwanangu. Ni siku nyingi sijakuita hivyo. Ulinipa jina la mama yako, Sifa, na hapa Kigongo kila mtu anajua kwamba msichana mwenye jina la bibi yake ni mama wa baba yake. Nilipokuwa mdogo nililipenda sana jambo hilo. Nilikuwa nakaa kwenye kiti chako na kuamuru, "Mwanangu, niletee maji!" Nawe ulikuwa unainuka na mguu wako mbovu, unachechemea hadi kwenye mtungi, unaleta kikombe kwa mikono miwili, na wageni wanashika mbavu kwa kicheko. Nilipokua nikaacha. Niliona haya. Unajua mwenyewe jinsi nilivyo: mwalimu akinisimamisha nisome mbele ya wenzangu, sauti ilikuwa inapotea kabla sijafika mwisho wa mstari wa kwanza.

Leo nimelirudia neno hilo kwa sababu nalihitaji. Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia baba yake. Mama anaweza.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya bidoni tupu la maji nyuma ya jiko. Wewe umekwenda kumuaga Mama Vero. Jua limeshaingia nyuma ya mlima, mapema kama lilivyo kwetu, na baridi ya kivuli imefika miguuni pangu. Lakini ng'ambo ya ziwa, Burundi, bado wana mchana. Naona mabati yao yanang'aa. Nitaandika mpaka mwanga wao nao uishe.

Sitakuandikia habari za kula na kuvaa. Shangazi wa Luberizi atakuangalia. Ni dada yako, na kwa hesabu yetu ni binti yangu pia, ingawa ananitisha. Ninachotaka kusema ni kingine. Umewaambia watu wote kwamba kesho unapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Luberizi, kuangalia maji na kufukuza ndege kwenye mpunga wake mpaka mavuno. Umemwambia pasta, umemwambia Mama Vero, umeniambia mimi. Lakini mtu anayekwenda kusimama kwenye tope la mpunga hafungashi viatu vya jeshi. Nadhani hujaamua. Nadhani kesho utatoka mlangoni, utasimama pale njia inapogawanyika, mkono mmoja barabara na mkono mwingine mlima, na ndipo utakapoamua.

Kabla hujafika pale, nataka tutembee shambani kidogo.

Nakumbuka siku Mama Vero alipokuja na kopo la rangi nyekundu. Nilikuwa mdogo, meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka. Ulikuwa umeshakopa kwake ili kununua mashine ya kukamua mawese, ile ambayo sasa kuku wanalala juu yake, na mlikuwa mmepatana kwamba atachukua sehemu ya michikichi aivune mwenyewe mpaka deni liishe. Alisimama katikati ya shamba, kitambaa kikubwa kichwani, akaogopa kusema mti gani.

"Baba Sifa, weye mwenyewe chagua. Minye sitaki kesho useme Mama Vero aliniibia."

Ukamwonyesha ile mifupi, ile myembamba iliyokuwa imeinamia kijito. "Chukua hii. Ile mirefu iko ya mama yangu."

"Mama yako yupi? Si alishakufa?"

Ukaninyooshea kidole. Mama Vero akanitazama, nami nikafunga mdomo haraka nisionyeshe pengo.

"Mama ya namna gani hii, bado anapoteza meno ya utoto!" Akacheka mpaka rangi ikamwagika kwenye kanga yake, akaenda kupaka alama nyekundu kwenye miti midogo, mmoja baada ya mwingine, huku akilaumu rangi, kanga, na wewe.

Tulibaki na mirefu. Ilikuwa mizuri, siwezi kusema uongo. Mgongo umenyooka, majani mazito ya kijani, ukisimama chini yake husikii jua. Uliichagua kama afisa anayechagua askari. Uliniambia, "Hii ikianza kuzaa, mama, tutanunua bati za nyumba yote." Ikaanza kutoa maua. Ikatoa mikungu. Na kila mkungu ukaoza kabla ya kuiva, ukawa mweusi, ukanuka, wakati ile midogo ya Mama Vero ilikuwa inazaa chikichi nyekundu mpaka wavunaji wake wanaimba.

Uliweka majivu. Uliweka samadi ya ng'ombe kutoka Luvungi, ukailipia usafiri kwa fedha nyingine ya kukopa. Halafu ukaanza kusema kuna mtu anaturoga. Ulimtaja jirani, ukamtaja mjomba, ukaacha kuwasalimia. Jioni ulikuwa unazunguka shamba kwa mistari, unasimama, unasikiliza, unageuka, kama mtu wa doria. Nilikuwa nakutazama kupitia ufa wa jiko, kisha nakuwekea maji ya kuoga.

Unakumbuka siku niliyobeba ule mkungu uliooza nikaupeleka shuleni? Niliufunga kwenye gunia, lakini harufu haifungwi. Wenzangu walipiga kelele, "Sifa ameleta maiti!" Nilitaka ardhi inimeze. Nilingoja mpaka wote wametoka, ndipo nikamwendea mwalimu wa biolojia, nikaweka gunia mbele yake. Akaupasua kwa kisu. Akaniuliza miche ilitoka wapi. Nikamweleza ulivyoniambia mwenyewe: kwamba ulipotoka jeshini ulipita kwenye shamba la zamani la kampuni, ukaona michikichi mizuri, na chini yake miche imejiotea yenyewe, bure. Ukaifunga ndani ya turubai lako la jeshi, ukaibeba mgongoni hadi huku.

Mwalimu akanieleza kwamba mchikichi wa aina ile haufanani na watoto wake. Mbegu zake zikidondoka na kujiotea, mingine inatoka kama mama yao, mingine inatoka na kokwa nene, na mingine inatoka tasa. Ile tasa ndiyo inayokua mirefu na mizuri kuliko yote, kwa sababu nguvu zake haziendi kwenye matunda.

Nilikuja kukuambia. Ulikuwa unapigilia mpini wa jembe.

"Kwa hiyo iko hakuna mchawi?" ukauliza.

"Hakuna, baba."

"Na samadi?"

"Samadi ilikuwa nzuri."

Ukaweka jembe chini. "Basi ni minye. Minye mwenyewe niliileta na huu mugongo."

Nilitaka kukuambia kwamba hakuna aliyekufundisha, kwamba ulikuwa kijana uliyetoka porini ukaona kitu kinaota bure ukafurahi, na kwamba mtu yeyote wa hapa angefanya vilevile. Maneno yote yalikuwepo. Hayakutoka. Nikakusanya vijiti vya moto nikaingia jikoni.

Baadaye nilidhani utaikata. Mama Vero mwenyewe alikushauri: "Kata hii midume, panda mingine, minye nitakungoja." Ulikataa, ukamfokea, akaondoka amenuna. Nilikasirika nawe kimoyomoyo. Nilijiambia baba yangu ni mkaidi. Halafu asubuhi moja nilikwenda kijitoni kuchota maji, ukiwa huna habari nami, nikakusikia. Ulikuwa unaweka mkono kwenye shina moja, unasema jina. Unakwenda kwenye shina lingine, unasema jina lingine. Yalikuwa majina ya vijana. Moja nililijua, kwa sababu ndilo unaloita usingizini.

Ndipo nikaelewa kwa nini ulimpa Mama Vero ile midogo. Nilidhani ulidanganywa na urefu, lakini ilikuwa zaidi ya hapo. Ulikuwa umewapanda wenzako ambao hawakurudi, na usingeweza kumwachia mtu awapake rangi nyekundu.

Nimejifunza majina yote, mwanangu. Sikukuambia. Ukiwa mbali nitapita kila asubuhi na ndoo yangu nitawataja, kwa sauti ndogo, lakini nitawataja. Na siku tukikubaliana kuikata, tutaikata sisi wawili, na kila mmoja tutauita jina kwanza.

Sasa kuhusu Jumapili.

Rafiki yako Kadogo alipoingia uani nilitambua kwamba ni mwenzako wa vita kwa jinsi mlivyokumbatiana, kila mmoja akitazama juu ya bega la mwenzake. Bado anaitwa Kadogo na ndevu zimeanza mvi. Nilikuwa nachemsha chai, na ukuta wa jiko ni matete. Nilisikia kila kitu.

"Mukubwa, nimesikia unaenda Luberizi kufukuza ndege. Kweli? Muntu ya vita kama weye?"

"Ndege nayo iko adui," ukasema. "Inakuja nyingi, na haiogopi."

Mkacheka wote wawili. Nilifurahi kukusikia ukicheka. Halafu akashusha sauti.

"Kule juu mlimani wanatafuta watu wenye kujua kazi. Batoto wako wengi, lakini hawajui hata kujificha. Ukikuja, deni ya yule mama itaisha mara moja."

"Na mguu?"

"Mguu wa nini? Utakaa kwenye kiti, utafundisha."

Nilingoja useme hapana. Nilikuwa nimeshika birika na mpini ulikuwa unanichoma, lakini nilingoja. Hukusema hapana. Ulisema, "Acha nifikiri." Nilipotoka na vikombe, Kadogo aliruka akasimama wima na kunipigia saluti. "Mama mukubwa! Mama wa mukubwa wangu!" Wewe ulicheka tena. Mimi nilitaka kumwambia atoke kwenye ua wetu. Niliweka vikombe mbele yenu, nikasema "karibu" kama nilivyofundishwa, nikarudi jikoni.

Kesho yake ulitoa viatu. Ulivipaka mawese na masizi mpaka vikameta. Tangu nikiwa na akili sijawahi kukuona umevigusa.

Siwezi kukuambia habari za vita, kwa kuwa wewe ndiwe uliyekuwako. Ninachokijua ni kile ulichorudi nacho. Najua huwezi kukaa ukiwa umegeuzia mlango mgongo. Najua siku ya harusi ya jirani, walipopiga baruti, ulinilaza chini na kunilalia, mbele ya watu wote, na gauni langu jeupe likajaa tope. Na wewe ndiye uliyelifua mwenyewe, ukalianika, ukalipiga pasi. Hao watoto ambao Kadogo anasema hawajui kujificha, wana umri wangu. Ukiwafundisha kujificha, wachache watajua. Wengine utarudi ukiwatafutia miti, na shamba letu limejaa.

Na deni la Mama Vero, tulitazame kama lilivyo. Mama Vero akitaka fedha yake anakuja mchana. Anakaa kwenye kiti, anakunywa maji, anapiga kelele, anasema tumemfilisi, anasema mawese yake yamezuiliwa mpakani Kavimvira na kosa ni letu, kisha ananiuliza kama nimekula na anaenda zake. Amekubali kungoja mpunga. Deni la namna hiyo mtu anaweza kuishi nalo. Wale wa huko juu, siku ukitaka kuwaambia basi, umewalipa ya kutosha, watakuja na nani? Watakuja saa ngapi? Wewe unajua kuliko mimi.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mwanga wa ng'ambo umeshuka, umebaki kwenye vilele tu, lazima niharakishe.

Mwaka huu, siku ile ya mvua kubwa tulipobanana wote wawili kwenye kona isiyovuja, uliniambia jinsi ulivyoondoka nyumbani mara ya kwanza. Ulikuwa na umri mdogo kuliko wangu wa sasa. Waliokuita walikuwa wanakungoja juu ya njia. Ulitoka na kifuko chako, ukamkuta mama yako jikoni anamenya muhogo. Akakutazama, akatazama kifuko, akajua. Akainamisha macho, akaendelea kumenya. Ulisimama. Hakusema kitu. Akakupa kipande cha muhogo wa kuchoma, bado cha moto, ukakihamisha mkono huu na mkono huu, ukaenda. Uliporudi na risasi mguuni, ulionyeshwa kaburi.

Ukaniambia, "Angesema neno moja tu, mama. Moja tu. Ningebaki."

Tangu siku hiyo sina raha. Nimelibeba jina lake, kwa hiyo naona na kunyamaza kule nimekubeba. Nimejaribu kukaa pale alipokuwa amekaa na kusema kwa kinywa chake. Pengine nilidhani kijana akikatazwa ndipo anakwenda kwa hasira. Pengine niliwaogopa wale waliokuwa juu ya njia. Au pengine nilikuwa na haya tu, kama Sifa huyu wa sasa, na neno lilikuwepo kinywani mwangu, zima kabisa, likashindwa kutoka, na muhogo ndio kitu pekee mkono wangu uliweza kukupa. Usidhani hakukupenda. Nilikuwa nakupenda sana siku ile. Lakini nilikosea, mwanangu. Ulikuwa umesimama pale unangoja, nami nikakuacha ungoje bure.

Nisamehe.

Viatu vyako viko nyuma ya jiko, upande wa kijito. Mwalimu alinipa mbegu mbili za mchikichi zilizoanza kuchipua. Si za kuokota chini ya mti, ni za kituo cha kilimo, na alinieleza zimetokana na mama gani na baba gani. Nilikuwa sina vifuko vya kuotesha. Nimejaza udongo mweusi na samadi kidogo iliyobaki, nikapanda mbegu moja katika kila kiatu. Tundu la kisigino cha kulia, lile ulilokuwa unataka kushona, linatoa maji vizuri sana. Ukivitaka kweli, nenda uzing'oe mbegu, ukung'ute udongo, uvae. Sitakulilia wala sitawaambia watu.

Najua pia kwamba huko juu wengi wanavaa mabuti ya mpira kama haya niliyokuwekea. Sina akili za kitoto za kudhani mtu anazuiliwa kwa kufichiwa viatu. Niliviondoa tu ili uwe umekaa kitandani, na mkono wako uingie ndani ya buti, na usome.

Nyumba itakuwa kimya ukiondoka, hata ukienda Luberizi. Nimeshaanza kuusikia ukimya huo leo, wewe ukiwa kwa Mama Vero tu. Nimepika na kupakua sahani mbili, kisha nikafunika moja, na nikajikuta naitazama ile iliyofunikwa kama vile ina mtu. Sitakuficha kwamba naogopa. Lakini upweke wa kungoja mtu aliye kwenye mpunga nitauweza. Nitahesabu mvua, nitauliza watu wa moto wanaotoka Luvungi kama wamekuona umesimama na fimbo yako unapigana na ndege. Watanicheka. Watasema, "Yule mzee wako iko anapiga kelele kama muntu ya vita!" Nitaenda kulala nimeridhika.

Kesho nitakuwa jikoni, namenya muhogo. Si kwa makusudi ya kukuumiza. Ni kwamba hakuna kingine cha kukupa cha njiani. Utatoka na kifuko chako. Nitainua macho, nimekwisha kujiapiza kwamba nitayainua. Neno nimeliandika hapa ili liwepo hata nikishindwa: usiende huko juu. Lakini sitaki ulipate kwenye karatasi tu, nataka kulisema. Kwa hiyo ukiniona midomo inatikisika na hakuna sauti, usichukue muhogo ukaenda. Simama. Ngoja kidogo, mwanangu, mpaka litoke.

Mama yako,
Sifa